Shamba Lililogawanywa kwa Kula

Mwenyekiti wa shirika letu alikuwa mtu wa Bungoma kama sisi, na ulimi wake haukujua tofauti ya r na l. Siku ya kugawa shamba alisimama mbele ya stoo ya mzungu, akafungua Biblia, akatusomea pale Mungu anapomwambia Musa jinsi makabila yatakavyopewa nchi. "Nchi itagawanywa kwa kula," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunga tangu jana. Watu wakaziba midomo kwa viganja. Mimi sikuziba. Nilicheka wazi, na mume wangu akanikanyaga mguu.

"Ni kura," nikamnong'oneza. "Kura, si kula."

"Wewe sikia neno, wacha kusikia ulimi," akanijibu bila kugeuka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Alikuwa mzee wa kanisa kabla hajaota mvi hata moja, na Biblia kwake ilikuwa wakili, daktari na bwana shamba kwa pamoja. Ng'ombe akikataa kushika mimba, alikuwa na mstari. Nikichoma ugali, alikuwa na mstari. Nami nilikuwa na mdomo, kwa hiyo nyumba yetu haikukosa mazungumzo.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Shamba lilikuwa mbele ya Kitale, shamba kubwa la mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mzungu aliyekuwa nalo alikuwa ameuza akaenda zake. Sisi tuliolinunua tulikuwa watu wengi wa Bungoma waliochanga, kila mmoja akachukua shea kadiri ya mkono wake. Wengine walichanga kwa kuuza ng'ombe, wengine kwa mshahara wa ualimu. Mume wangu alichanga kwa kuuza urithi wake. Kipande alichogawiwa na baba yake kule Matulo alimwuzia kaka yake mkubwa, chote, mpaka kwenye ukingo wa mto.

Mama mkwe wangu aliposikia, alitoka jikoni, akaketi chini kwenye kizingiti cha nyumba, akavua kitambaa cha kichwa. Kwetu mama mzima akivua kitambaa mbele ya mwanawe, mwana hujua kumeharibika. Hakupiga kelele. Alimkumbusha mwanawe habari za yule mtu wa kwenye Biblia aliyekuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme, akakataa kumpa mfalme urithi wa baba zake, hata wakampiga kwa mawe akafa.

"Yule alikufa akikataa kuuza," akasema. "Wewe unauza, na hakuna mtu hata amekutisha."

"Lakini mama, na Ibrahimu je? Si aliacha kwa baba yake akaenda?"

"Ibrahimu aliitwa. Wewe nani amekuita, redio?"

Nilitaka kucheka lakini sikuthubutu. Akasema mguu wake hautakanyaga Kitale, na mama yule hakuwa mtu wa kurudisha neno. Nilielewa hasira yake. Kwetu mtu akiulizwa ni wa wapi, hataji mahali anapolala. Hutaja mahali baba yake amelazwa. Mwanamume hujenga, huoa, huzeeka, na siku yake ikifika hutiwa katika udongo wa kwake, wajukuu wakapita hapo wakisema huyu ndiye. Mume wangu alikuwa ameuza mahindi ya kesho na pia mahali pa kulala siku ya mwisho. Kama Kitale ingetukataa, hatukuwa na pa kurudi tukiwa hai, wala tukiwa wafu. Hilo nililijua tangu mwanzo, na liliniuma.

Basi kura ikapigwa. Karatasi zilikunjwa zikatiwa katika kofia ya mwenyekiti, na mume wangu akatia mkono akiwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa maombi. Akatoa. Mwenyekiti akasoma: kipande cha chini ya josho. Mahali pale pote pakanyamaza. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye shea ndogo, aliyekuwa amemfanyia mzungu kazi ya kukamua kwa miaka mingi. Nikamwona anaangalia viatu vyake.

"Kuna nini huko chini, mzee?" nikamwuliza baadaye.

"Hakuna kitu, mama. Udongo mzuri sana." Akaondoka, na tangu siku hiyo hakuwahi kupita kwetu, ingawa njia yetu ilikuwa fupi kwake.

Tulijenga nyumba ya udongo upande wa juu, karibu na josho lile la zamani ambalo bado lilinuka dawa ya kupe. Karibu na josho kulikuwa na mti, na kwenye mti kulining'inia kipande cha reli. Mzungu alikuwa akikigongesha asubuhi ili wafanyakazi watoke katika laini zao, zile nyumba ndogo za kupangwa ambazo sasa zilikuwa zimebomolewa hata msingi. Hakuna mtu aliyekigonga tena. Lakini siku za upepo wa kutoka mlimani chuma kile kilivuma, sauti ya chini ambayo huisikii masikioni bali kwenye meno. Kikivuma, mbwa wetu aliinuka, akashuka shambani, akalala kule chini katikati ya mahindi mpaka kinyamaze. Nilimpiga, nilimfunga, nilimwita kila jina. Alishuka tu.

Msimu wa kwanza tulipolima, maksai walikuwa wazuri, tuliwaazima kwa jirani aliyewalea Naitiri. Walivuta vizuri mpaka walipofika chini. Hapo wakasimama. Mume wangu akawapigia mluzi, akawabembeleza, akawachapa. Wakainamisha vichwa, wakanusa udongo, wakasimama. Jirani akasema wamechoka. Tukawapumzisha, wakarudi tena wakasimama palepale. Mwishowe mume wangu akawashika pua akawavuta yeye mwenyewe, na wakapita wakitetemeka ngozi, kama ng'ombe anayefukuza nzi, lakini nzi hawakuwako.

"Ni harufu ya dawa ya josho," akasema.

"Dawa ya josho iko juu. Sisi tuko chini."

"Mama watoto, si ulime tu, bana."

Mahindi yakaota. Yakafika magotini yote yakiwa sawa. Yalipofika kiunoni ndipo nilipoona. Kule chini kulikuwa na sehemu ambazo mahindi yalikuwa meusi kwa ubichi, marefu kupita wenzao, mabua manene kama mkono wa mtoto. Hazikuwa kubwa. Kila moja ilikuwa ndefu na nyembamba, urefu wa mtu, nyingine urefu wa mtoto. Na zote zilielekea upande mmoja, zimepangwa kama vitanda vya wadi. Nilisimama pale juu ya kilima na jembe langu, jua linawaka saa sita mchana, na mwili wangu ukawa baridi.

Nikamwita mume wangu. Akaangalia, akafurahi. "Unaona? Hiyo ni mbolea ya ng'ombe wa mzungu. Hapo walikuwa wakilazwa ndama. Bwana ametupa kipande ambacho wengine walikiogopa."

"Ndama wanalala wamenyooka hivyo?"

Sisi watu wa kwetu tunajua kaburi: liko uani, lina kichuguu, lina mti au maua, na watoto wanakatazwa kulikanyaga. Mahali pasipo kichuguu wala mti, tungejuaje? Kichwani mwetu kaburi lisilo na nyumba kando yake halikuwako duniani. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu ambao siku zote wamezikwa kwao.

Wakati wa palizi nilipata jambo baya zaidi. Nilishuka asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mahindi, nikakuta zile sehemu nyeusi zimepaliliwa. Zile tu. Magugu yameng'olewa kwa mkono, yamekusanywa pembeni, udongo umesawazishwa vizuri kwa kiganja, alama za vidole zinaonekana. Mahali pengine pote nyasi zilikuwa zimeinuka kama kawaida. Nikadhani ni mume wangu. Yeye akadhani ni mimi. Tulipogundua kwamba si yeye wala si mimi, tuliketi kwenye viti vyetu tukanywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu anioe hakuwa na mstari.

Wakati wa kuvuna alitumia ile sheria ya Musa ya kutovuna pembe za shamba, kwamba maskini na mgeni wapate cha kuokota. Sheria hiyo aliipenda, na kila mwaka aliifuata, si kama wale wanaohubiri upendo halafu wanafuga mbwa mkali. Mwaka ule akasema pembe zetu ziwe zile sehemu nyeusi. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana mahindi yale nisingeyapika hata ningechapwa fimbo. Yalibaki yamesimama peke yake baada ya mabua mengine kukatwa. Ukitazama kutoka juu, ungesema watu wamesimama shambani wakisubiri kuitwa.

Ndipo nikamwona. Ilikuwa asubuhi, ukungu tena, nami nilikuwa nikienda kuchota maji. Mwanamke mzee, mwembamba, amevaa koti la kiume lililomfika magotini, amepiga magoti kati ya yale mahindi, anaongea. Alikuwa akiongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mwenzake habari za sokoni, akinyamaza kidogo, akijibu, akiendelea. Debe likaniponyoka. Akageuka.

"Umeamkaje, mama," akanisalimu.

"Nimeamka salama, kukhu," nikasema, maana ndivyo tunavyoita nyanya.

"Ni wewe ulipanda hapa?"

"Ni sisi. Hili ni shamba letu."

Akafikiria neno hilo. "Sawa," akasema. "Huyu ni kijana wangu. Huyu ni msichana. Huyu mrefu ni baba yao. Mwaka ule wa ugonjwa wa kuhara walikwenda wote, na mzungu akasema walazwe hapa chini, ili maji ya josho yasichafuke."

Alikuwa mfanyakazi wa zamani. Alikuwa ameletwa kwenye shamba lile akiwa msichana, kutoka mbali, na watu wake walikuwa wameisha hata hakukumbuka tena njia ya kurudi. Shamba lilipouzwa, hakuwa na shea. Nani angempa shea? Laini zilibomolewa, naye akajenga kibanda cha makaratasi kwenye hifadhi ya barabara ya kwenda Kitale, pamoja na maskwota wengine. Kila asubuhi alitembea kuja kwa watu wake. Hakuja usiku, hakujificha. Sisi ndio tulikuwa tunaamka tumechelewa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, na nilimwambia kwa ukali, kana kwamba ndiye aliyewaua. Kisha akafungua Biblia pale wapelelezi wanaporudi kwa Musa wakasema wameiona nchi, ni nzuri, ina maziwa na asali, ila ni nchi inayowala watu wanaokaa ndani yake. Akaifunga.

"Mwenyekiti alisema kweli," akasema. "Ni kwa kula."

Alijaribu kubadilishana kipande. Alikwenda kwa mwenyekiti, kwa jirani, kwa wale walimu wenye shea nyingi. Kila mtu alimkaribisha chai na kila mtu alikuwa na sababu. Nikajua kumbe walijua. Basi akafanya alichoweza: ile sehemu ya chini aliiacha ipumzike, si mwaka wa saba tu kama Musa alivyosema, bali kila mwaka, na akamwambia yule kukhu aje wakati wowote. Akasema Mungu mwenyewe alisema ardhi haiuzwi daima kwa sababu ni yake, na sisi sote ni wageni na wapangaji kwake. Nami nikamwuliza, kama sisi sote ni wapangaji, mbona mpangaji mmoja analala kwenye nyumba na mwingine barabarani? Akasema nisimjaribu. Sikuwa namjaribu, nilikuwa nauliza.

Miaka ikaenda hivyo. Watoto walikua wakijua kwamba kule chini hakuchezwi. Kukhu alikuja, tukazoeana kiasi cha kupeana chumvi na moto. Hakuwa mtu wa kusema sana na walio hai.

Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini, fujo zilipoanza upande wa mlima na mashamba mengi yakachomwa. Watu wasiotujua walituambia turudi kwetu. Tulikimbia na magodoro kichwani, tukaenda Matulo. Kaka ya mume wangu alitupokea kwa adabu sana, na adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa mbaya. Alituita wageni. "Wageni wamefika," aliwaambia watoto wake, "waleteeni wageni maji." Tulilala katika nyumba ya mama mkwe, na mume wangu alipokwenda kutazama mahali palipokuwa pake akakuta miwa imepandwa mpaka karibu na ukuta wa mama yake. Alisimama pale mpaka jua likazama, mikono nyuma. Mambo yalipopoa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mizigo kurudi Kitale. Nyumba yetu haikuwa imechomwa. Kila nyumba ya majirani ilikuwa majivu, yetu imesimama, na mlangoni kulikuwa na alama za magoti kwenye vumbi. Sikuuliza.

Ugonjwa wake ulianza muda mfupi baadaye. Tumbo likajaa maji, macho yakawa ya njano. Tulimpeleka hospitali ya misheni Lugulu, wakamtunza vizuri, lakini ini lilikuwa limekwisha. Siku zake za mwisho aliniuliza swali moja tu, asubuhi na jioni, kama mtu aliyesahau kwamba ameshauliza.

"Mtanilaza wapi?"

Huyo mtu wa mistari, aliyejibu kila jambo, alikuwa akiniomba mimi jibu, na sikuwa nalo. Nikamwambia alale, atapona. Akafa bila kuambiwa.

Ukoo ulikutana Matulo, na kaka mkubwa akasema, kwa adabu ileile, kwamba haina shida, mdogo wake anaweza kuzikwa pale nyumbani. Ila sehemu ile yote imepandwa miwa, basi kaburi liwe pembeni, kwenye ua, upande wa barabara. Wazee wakatazama chini. Mama mkwe akanyanyuka. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo.

"Mtoto wangu hatazikwa kwa baba yake kama mgeni," akasema. "Heri akazikwe ugenini kama mwenyewe. Leteni gari."

Hivyo ndivyo alivyokanyaga Kitale. Alishuka kwenye gari pamoja na jeneza, akaangalia nyumba yetu, akaangalia josho, na chuma kile kikavuma ingawa majani ya mti hayakutikisika. "Nini hiyo?" akauliza. Nikamwambia ni upepo. Akanitazama kama mtu anayejua uongo ukoje.

Tuliwaelekeza wachimbaji upande wa juu, uani, mbali kabisa na kule chini. Mwenyekiti alikuwapo na watu wa shirika, watu wa kanisa wanaimba. Wachimbaji walikuwa wamefika kiunoni walipoacha kuchimba. Mmoja akapanda juu. Koleo lake lilikuwa limetoa mfupa, mdogo, wa kahawia. Wakafukia taratibu wakasogea, wakachimba kando ya jiko. Mfupa tena, na kishikizo cha shati. Wakasogea karibu na njia ya kuingilia. Hapo hawakufika hata magotini. Uimbaji ukafifia wenyewe, ukakatika katikati ya ubeti. Wachimbaji wakatupa koleo chini wakasema hawatachimba tena, hata wakipewa nini.

Jeneza lilikuwa kwenye kivuli cha nyumba, jua linaelekea kuzama, na hakuna mahali pa kumtia. Hofu niliyoisikia hapo sijaisikia tena. Si hofu ya mizimu. Nilidhani ardhi inamtema, na kwamba nitamrudisha Matulo akalale penye ua kama mlinzi.

Kukhu alikuwa amefika bila mtu kumwona, na koti lake, amesimama nyuma ya watu. Nikamfuata nikiwa na hasira. "Kwa nini hukuniambia kwamba wako kila mahali?"

"Nilikuonyesha wangu," akasema. "Wa wenzangu hukuniuliza."

Mama mkwe akasikia. Akaniuliza yule ni nani, nami nikamweleza kwa maneno machache: alifanya kazi hapa, watu wake wamezikwa hapa, hana shea, anakaa barabarani. Mama mkwe akafanya jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka. Aliiweka fimbo yake chini, akamwendea yule mwanamke wa barabarani mbele ya mwenyekiti, mbele ya wazee wa ukoo na wenye shea wote, akapiga magoti polepole, goti moja kisha jingine.

"Mama," akasema, "sisi ni wageni hapa kwenu. Tulikuja na karatasi, hatukupiga hodi. Tupe mahali pa kumlaza mtoto wetu."

Ibrahimu aliomba hivyo Hebroni, Sara alipokufa. Aliahidiwa nchi yote na Mungu mwenyewe, na bado akasimama mbele ya wenyeji akainama, akaomba kaburi. Mume wangu alikuwa ameifundisha habari hiyo kanisani, na sikuwahi kuielewa mpaka nilipoona magoti ya mama yake kwenye vumbi. Mwenyekiti akataka kumwinua, akisema, "Mama, shamba ni renu, si mnajua?" Hakuna aliyemsikiliza.

Kukhu alimtazama mama mkwe. Kisha akaniuliza mimi, "Huyu mzee wako, alikuwa mtu wa maneno?"

"Mno," nikasema. "Hata usingizini alihubiri." Na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, nilivyokuwa sijalia tangu Lugulu.

"Basi alale kando ya baba watoto wangu. Yule alikufa amekasirika, hajapata wa kuzungumza naye."

Akatangulia kushuka. Alituonyesha kwa mguu: hapa, mpaka hapa. Wachimbaji wakakubali kuchukua koleo, na udongo ukakatika laini kama mkate, hakuna jiwe, hakuna mzizi, hakuna mtu. Walimaliza upesi mpaka wakatazamana. Tukamshusha, mchungaji akaomba, tukatupa udongo. Hakuna mtu aliyetaka kukaa pale sana. Wengine walishaanza kupanda wakitazama nyuma.

Kukhu akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu na baridi.

"Mimi nimetoa," akasema. "Na siku yangu mimi?"

Nikamwangalia. Watu wa barabarani walipokufa walizikwa na baraza la mji, na hakuna aliyejua ni wapi. Miaka yote ile tulimruhusu kuja, tukajiona watu wema, na hata mume wangu na mistari yake yote hakuwahi kumwambia neno hilo, wala mimi na mdomo wangu.

"Utalala hapa," nikasema. "Na wao."

"Sema kwa nguvu. Hao wenye shamba wasikie."

Nikageukia kilima. Nikawaita, mwenyekiti, kaka ya mume wangu, walimu wenye shea, wote, wakasimama walipokuwa. Nikasema kwa sauti yote niliyobaki nayo kwamba mama huyu ni wa hapa, kwamba akifa atazikwa hapa, na asiwepo mtu wa kumzuia, awe mwanangu au mjukuu wangu au mtu wa serikali. Hakuna aliyebisha. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wa wafiwa kando ya kaburi, akasogea kidogo, akampigapigia kukhu mahali pa kuketi, kati yake na mimi.